Msimpe Mwanafunzi Chuma Kibovu

Kuna ushauri mmoja ambao karibu kila anayeanza kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo hupewa, na ushauri huo ni mbaya. Wanasema: anza na vifaa vya bei rahisi, ukishajua ndipo ununue vizuri. Niliusikia kutoka kwa watu wenye nia njema, nikaufuata, ukanigharimu wiki sita na pauni 18. Pesa nimesamehe. Wiki sita pia nimesamehe. Kilichonifanya niandike ni kitu cha tatu, nami nitakifikia.

Niseme kwanza ni burudani gani hii, maana mama yangu aliponiona kwenye simu ya video nimeshika kufuli mkono mmoja na kichuma mkono mwingine, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, tumekutuma kusoma au kuiba?" Rafiki yangu mmoja wa Tanga alifupisha zaidi: "Kumbe umenunua funguo malaya!"

Hapana, mama. Hapa Sheffield, ninakosoma shahada ya uzamili ya mipango miji, na katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, wapo watu wanaonunua makufuli yao wenyewe na kukaa nayo mezani jioni nzima, kama wengine wanavyokaa na bao au drafti. Kanuni zao ni mbili. Usiguse kufuli lisilo lako bila idhini ya mwenyewe. Na usiguse kufuli linalotumika, hata kama ni lako, maana unaweza kuliharibu ukalala nje. Sheria ya Uingereza haimkatazi mtu kuwa na vifaa hivi. Kosa, kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, ni kutembea navyo nje ya makazi yako kwa ajili ya wizi. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo soma ya kwako kabla ya kuagiza chochote. Ama mwizi, yeye hana wiki sita za kukaa na kufuli moja. Ana mtaimbo.

Sasa turudi kwenye pauni 18.

Sanduku nililonunua mtandaoni lilikuwa na vyuma 24, pochi ya ngozi bandia, na kufuli moja la plastiki angavu linaloonyesha ndani. Tangazo lilisema ni seti kamili ya anayeanza. Nilivipanga kitandani nikavihesabu mara mbili. Mtu ambaye hajui kitu hufarijika na wingi. Niliona kama nimenunua ujuzi 24.

Kufuli la plastiki nililifungua usiku ule ule. Nililifungua tena na tena, nikaona nina kipaji. Kesho yake nikanunua kufuli la shaba la kawaida kabisa, lile ambalo mtu hufungia baiskeli kuukuu au sanduku la shule. Halikufunguka. Halikufunguka wiki hiyo, wala iliyofuata. Ilikuwa Novemba, jua linazama saa kumi jioni, na mimi niko chumbani nakwaruza shaba.

Ili ueleweke ubaya wa sanduku lile, inabidi ujue kinachotokea ndani ya kufuli. Kuna silinda ndogo ambayo ufunguo huizungusha. Ndani yake zimepangwa pini, mara nyingi nne au tano, kila moja ya vipande viwili, na springi inayozisukuma zirudi mahali pake. Zikiwa zimerudi, zinavuka ukingo wa silinda na kuizuia isizunguke. Ufunguo sahihi huinua kila pini mpaka mwanya ulio kati ya vipande vyake viwili unalingana na ukingo ule. Hapo silinda huwa huru. Muundo huu tunaotumia mpaka leo ulitokana na kazi ya Linus Yale, baba na mwana, Wamarekani wa karne ya 19. Mwana alipata hataza mwaka 1861.

Ila hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yaliyonyooka sawasawa kabisa. Ukiisukuma silinda izunguke kidogo sana, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Kwa hiyo unahitaji vyuma viwili tu. Cha kwanza, ambacho nitakiita kikazio, kinaingia mdomoni mwa tundu la ufunguo na kuisukuma silinda kwa uzito mdogo kama wa kidole kinachobonyeza simu. Cha pili ni kulabu nyembamba inayoingia ndani na kuzigusa pini mojamoja. Unaitafuta ile iliyobanwa, unaiinua polepole, na inapofika ukingoni silinda inasogea kiasi cha unywele. Kidole kinasikia "tik". Kisha unatafuta inayofuata.

Hiyo ndiyo kazi yote, na unaifanya bila kuona. Kila unachokijua kuhusu ndani ya kufuli umekijua kupitia chuma. Chuma ndicho jicho lako.

Chuma changu kilikuwa jicho lenye mtoto wa jicho. Vikazio vilikuwa laini, vinapinda vyenyewe, kwa hiyo sikuweza kujua kama kilichosogea ni silinda au ni kikazio. Kulabu zilikatwa kwa mashine na kuachwa hivyo hivyo, kingo zake zikikwaruza kuta za tundu, hivyo kila sentimita ilikuwa na "tik" zake za uongo. Vipini vilivikwa mpira uliolegea, ukimeza kile kidogo kilichobaki. Nyingine zilikuwa nene mno hata kuingia. Na lile kufuli la plastiki, matundu yake yalikuwa yamelegea kiasi kwamba lingefunguka kwa kijiti cha meno. Lilinifundisha kukaza kwa nguvu na kuchokoa ovyo, yaani kinyume cha kila kitu.

Lakini haya nayajua leo. Wakati ule nilijua jambo moja tu: kwamba nina mkono mzito.

Hapa ndipo kwenye kitu cha tatu. Nilipokuwa kidato cha nne, tulifanya praktiko ya fizikia wanafunzi sita kwa ammita moja. Mshale wake ulikwama. Tulizungusha, tukabadili waya, tukasoma namba zilezile, tukazichora kwenye grafu, na grafu ikatoka kama njia ya mlevi. Nilipomwambia mwalimu kwamba kifaa hakifanyi kazi, alitabasamu, akasema mbele ya darasa, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Darasa likacheka. Nikapata alama 4 kati ya 25. Kidato cha tano nikachukua HGE, na nikawaambia nyumbani kwamba fizikia haikuwa yangu.

Huenda kweli haikuwa yangu. Sitajua kamwe, maana sikuwahi kushika ammita nzima.

Katika wiki ya sita rafiki alinipeleka kwenye mkutano mdogo wa watu wa burudani hii, nyuma ya mgahawa. Mzee mmoja mstaafu alitazama nikihangaika na kufuli langu la shaba. Hakunieleza kitu. Alinyoosha mkono, akachukua kulabu yangu, akaikunja kwa kidole gumba, nayo ikabaki imekunjika kama kijiko cha bati. Kisha akanipa vyuma vyake viwili: kulabu fupi ya feleji ya springi, iliyosuguliwa mpaka inateleza, na kikazio bapa kisichotikisika. Baada ya dakika kama ishirini nikasikia "tik" moja, iliyo wazi kama mtu anayebisha hodi. Ikaja ya pili. Pini ya nne ilipokaa, kufuli likaruka mkononi.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikasirika. Nilikaa pale na kufuli wazi mkononi nikimfikiria mwalimu wangu na mbaazi wake.

Kwa hiyo nasema: ushauri wa "anza na kibovu" umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mjuzi ndiye anayeweza kufanya kazi na kifaa kibovu. Anaijua hisia sahihi, hivyo anaweza kuutoa ubovu wa chuma kwenye hesabu yake, kama mtu anayejua saa yake inachelewa dakika kumi. Anayeanza hana cha kulinganisha nacho. Kifaa kikikosea, anadhani kakosea yeye. Wapo waliofaulu praktiko ile kwa ammita ile ile, nami nimewahi kuwauliza wawili. Wote walikuwa wanakwenda tuisheni mahali penye ammita nzima. Walijua mshale unavyopaswa kutembea, ndiyo maana walijua kuigonga kidogo ichomoke. Kizuri ndicho kilichowafundisha kukishinda kibovu.

Nitaambiwa kwamba fundi wa kweli hahitaji vifaa vizuri. Haya, tumtazame fundi wa kweli. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la Bramah lililokuwa limewekwa kwenye dirisha la duka pale Piccadilly tangu mwaka 1790, na zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Ilimchukua saa 51 katika siku 16. Huyo alikuwa bingwa wa zama zake, na hakwenda na chochote alichookota. Alitumia vifaa alivyovitengeneza kwa ajili ya kufuli lile. Bingwa alijichongea chuma chake, halafu mtoto wa jana tunamwambia akazane na bati.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni maneno ya wenye pesa, na kwamba kwetu fundi hujitengenezea kwa alichonacho. Hoja hii naiheshimu, na iko upande wangu. Watu wengi wa burudani hii hutengeneza vikazio kwa vile vipande virefu vya chuma vilivyomo ndani ya raba ya waipa za gari. Kipande hicho unaweza kukipata gereji kwa kuomba tu. Ukikikunja na kukipiga tupa na msasa, kinakuwa kikazio kizuri kuliko vyote vilivyokuwa kwenye sanduku langu, kwa sababu ni feleji ya springi, imeumbwa kupinda na kurudi. Kulabu nazo huchongwa kwa jani la msumeno wa chuma, kwa subira na maji ya kupozea. Ugomvi wangu si na umaskini wala na ufundi wa jua kali. Ugomvi wangu ni na kitu kilichovalishwa pochi ili kifanane na kifaa, kikauzwa kwa mtu ambaye muuzaji anajua hawezi kukitambua.

Basi nunua hivi. Nunua vichache. Kulabu fupi moja, kulabu ya wastani moja, na reki moja, ile yenye mawimbi inayosugua pini nyingi kwa pamoja, kwa siku unazotaka kufurahi tu. Ongeza vikazio bapa viwili, kimoja cha unene wa milimita 1 hivi na kingine kinene kidogo zaidi. Kulabu iwe na unene wa karibu milimita 0.6, kama makufuli yako yana matundu membamba, tafuta 0.5. Soma tangazo: muuzaji anayetaja idadi ya vipande bila kutaja unene wala aina ya chuma, mkimbie. Kipini kiwe chuma kile kile kilichoendelea mpaka mwisho, au kitu kilichoshikamana nacho imara. Kikifika, kipinde kidogo, kinapaswa kurudi. Kipitishe juu ya soksi ya nailoni. Kikinasa uzi, kisugue kwa msasa mlaini mpaka kiache. Wapo watengenezaji wenye sifa Marekani, Kanada, Ujerumani na hapa Uingereza wanaouza kipande kimojakimoja. Vyangu vitano vilinigharimu pauni 21, yaani pauni tatu zaidi ya lile sanduku. Usinunue kufuli la plastiki. Nunua makufuli mawili ya shaba ya bei ndogo, ya kampuni tofauti, uone jinsi kila moja linavyosema kivyake.

Nayaandika haya Sheffield, mji ambao Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Nilikaa wiki sita katika mji wa feleji nikijilaumu kwa kosa la bati.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu sasa. Juzi alinitumia ujumbe kwamba fizikia imemshinda, kwamba kichwa chake hakishiki. Nilimpigia. Sikumwambia akazane. Nilimwuliza ammita yao ikoje, mshale unarudi sifuri au haurudi, na wako wangapi kwa moja. Alinyamaza muda mrefu. "Dada," akasema, "hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Sanduku lile aliniomba binti mmoja wa darasani kwetu anayetaka kuanza. Nilimkatalia. Nimevitupa vyuma vyote 24 kwenye pipa la chuma chakavu, na yeye nimemwazima kulabu yangu fupi na kikazio cha milimita 1. Ameniahidi atavirudisha Ijumaa.