Makosa ya hospitalini yahesabiwe, yasifichwe

Mgonjwa anapodhurika hospitalini, swali la kwanza huwa: nani alaumiwe? Aghalabu uchunguzi hukomea hapo. Daktari au muuguzi husimamishwa kazi, watu hunung'unika siku mbili tatu, kisha kimya.

Swali hilo halitoshi. Huko Boston, Marekani, daktari mpasuaji Ernest Codman aliuliza jingine: kosa hili ni la aina gani? Kati ya 1911 na 1916, wagonjwa 337 waliruhusiwa kwenda nyumbani kutoka hospitali yake ndogo. Alihesabu makosa 123, akayapanga: upungufu wa ujuzi, wa busara, wa uangalifu au vifaa, na wa kutambua ugonjwa. Kisha akayachapisha. Wenzake walimtenga.

Ilichukua miongo mingi kabla ya wengine kufuata nyayo zake. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza walichokipata katika faili 30,121 za wagonjwa waliolazwa mwaka 1984 katika hospitali 51 za jimbo la New York. Asilimia 3.7 ya wagonjwa walidhuriwa na matibabu yenyewe. Kati ya madhara hayo, ni kama robo tu yaliyotokana na uzembe. Basi anayewinda wazembe peke yao anaacha sehemu kubwa ya madhara bila kuguswa.

Mwaka 1996, Wamarekani walitunga ngazi ya daraja tisa za makosa ya dawa, kuanzia hali inayoweza kuzaa kosa hadi kosa lililochangia kifo. Hata kosa lililonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa huandikwa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini palipo na utelezi leo, kesho mtu ataanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilitoa mpangilio wake mwaka 2009, ili nchi zote zitumie lugha moja.

Hapa kwetu, mwaka 2018, mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta alipasuliwa kichwa badala ya mwenzake. Wafanyakazi wanne walisimamishwa kazi. Je, muuguzi aliyeona hayo, siku akigundua kitambulisho kimebandikwa kwa mgonjwa asiyehusika, ataandika ripoti au atakirekebisha kimyakimya?

Wapo watakaosema kwamba daftari la makosa litawakinga wazembe. La hasha! Uzembe una bodi yake ya kuuadhibu. Daftari ni la kujifunza, na yafaa kila hospitali, ya umma na ya kibinafsi, iwe nalo na itangaze hesabu yake kila mwaka bila kutaja majina.

Nawe msomaji, kabla ya kudungwa sindano, mwombe muuguzi asome jina lako na la dawa kwa sauti. Hiyo ni haki yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali nazo zina maradhi yao.