Zabibu Hizi Zimelimwa Wapi?

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Machochwe, wilayani Serengeti, kuhudhuria shughuli ya kupokea mahari ya binti wa kaka yangu. Kwa kuwa mimi ndiye mhadhiri wa familia, niliona haya kufika mikono mitupu. Nilipopita Mwanza nikanunua chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Ulaya kwa Sh 45,000. Sikuinunua kwa sababu niliujua mvinyo huo. Niliinunua kwa sababu ilikuwa na nembo ya dhahabu, jina nisiloweza kulitamka, na bei iliyonishtua. Nilidhani kwamba bei ikinishtua mimi, itawaheshimisha wageni.

Ng'ombe walipokwisha kuhesabiwa na nyama kuiva, niliifungua chupa ile mbele ya wazee kwa madaha. Baba yangu mkubwa akaonja, akakunja uso, akaiweka glasi chini.

"Mura, zabibu hizi zimelimwa wapi?"

"Ulaya, baba."

"Kwani huku kwetu hazilimwi?"

"Zinalimwa, baba. Dodoma."

"Si ndiko unakofundisha?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi Dodoma miaka mingi. Nimepita kando ya mashamba ya zabibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hata hivyo, nilipotaka kuiheshimu familia yangu, nilisafiri hadi Mwanza ndipo nikanunua kitu kilichotoka ng'ambo. Tena kilikuwa kimeharibika: nilikumbuka baadaye kwamba chupa ile ilikuwa imesimama kwenye dirisha la duka, ikipigwa na jua la mchana. Nilikuwa nimelipa Sh 45,000 kununua siki.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali la mzee. Naamini ni swali la kisiasa, ingawa liliulizwa juu ya glasi moja ya kinywaji. Darasani huwa nawaeleza wanafunzi wangu kuhusu kasumba, ile hali ya mtu kudharau cha kwao kabla hajakionja. Sikutambua kwamba nilikuwa nimeibeba mwenyewe kwenye begi.

Zabibu si ngeni nchini. Wamisionari Wakatoliki walizipanda katika Misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950. Leo zinalimwa Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na vijiji vingine vingi, na aina moja ya zabibu nyekundu inaitwa kwa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Jua la Dodoma humwezesha mkulima kuvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena karibu na Agosti na Septemba, wakati mwenzake wa Italia au Ufaransa huvuna mara moja. Lakini zabibu haina subira kama mtama. Ikishaiva, mkulima asiyepata mnunuzi ndani ya siku chache huitazama ikiozea shambani. Kilio cha wakulima kukosa soko tumekisikia msimu baada ya msimu, na kila mara tumekichukulia kama jambo la wizara.

Ni kweli kwamba wizara zina wajibu. Serikali imekuwa ikitoza ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na hilo ni jambo jema. Lakini ushuru hauwezi kumlazimisha mtu kupenda. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, hadi wizara zilipohamia huko katika miaka ya hivi karibuni, tumejenga ofisi katikati ya nchi ya zabibu. Nimehudhuria hafla katika mji huo ambako kila chupa iliyowekwa mezani ilikuwa imevuka bahari. Wenyeji wa hafla hizo walikuwa watumishi wa umma, watu wazalendo kwa maneno, na fedha zilikuwa za umma.

Sisemi kwamba kila chupa ya Dodoma ni nzuri. Nyingine zina sukari kupita kiasi, na nyingine hazilingani ladha kati ya chupa moja na nyingine. Sisemi pia kwamba asiyekunywa aanze kunywa. Nasema kwamba yule anayekunywa, na anayetaka kuwakaribisha wageni nyumbani kwa fedha ya kawaida, ana wajibu wa kujua anachokimimina. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuchelewa.

Kwanza, soma maandishi madogo ya chupa. Jina la Kiswahili au picha ya mbuyu si ushahidi wa zabibu za nyumbani. Tafuta mahali zabibu zilikolimwa na mahali mvinyo ulikotengenezwa, kwa mfano Hombolo. Angalia kama ni mkavu au mtamu: wengi husema hawapendi mvinyo mwekundu kumbe walionjeshwa aina wasiyoitarajia. Dompo, kwa mfano, ni mtamu na una nguvu zaidi. Si wa kunywewa kwa wingi pamoja na chakula.

Pili, nunua mvinyo mchanga. Imani kwamba mvinyo huwa bora kadiri unavyozeeka inahusu chupa chache za gharama kubwa. Mvinyo wa bei nafuu hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Chukua chupa iliyokaa kivulini, usichukue ile ya dirishani. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya ubovu, na ni nafuu kwa nyumba isiyo na kizibuo.

Tatu, upooze. Tumeambiwa mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18, wala si sebule ya bati saa tisa alasiri. Penye jokofu, nusu saa inatosha. Pasipo na jokofu, izungushie chupa kitambaa kibichi na kuiweka mahali penye upepo, au itumbukize kwenye ndoo ya maji ya kisima. Mvinyo wenye joto hunuka pombe tupu.

Nne, upe chakula kinachoupatana nao. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, unaokumbusha ndizi mbichi, hulainishwa na mafuta ya nyama. Nyama choma ya Mara haihitaji mwenzi wa gharama kubwa. Sato mwenye ndimu, kwa upande wake, hugombana nao.

Tano, pima. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Mvinyo wa asilimia 12.5 ukiunywa chupa nzima, umekunywa pombe karibu sawa na chupa nne za bia za nusu lita zenye asilimia 5. Usijaze glasi hadi ukingoni kama chai. Bilauri ya kawaida inatosha. Nimeacha kuamini kwamba heshima hukaa kwenye mguu wa glasi. Kilichobaki kizibwe na kuwekwa mahali pa baridi, kinywewe ndani ya siku tatu.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi halikuwa juu ya chupa. Wazee wetu wa Kikurya walipokunywa pombe ya nafaka kwa mirija kutoka chungu kimoja, palikuwa na mpangilio wa nani aketi wapi na nani aanze. Kinywaji kilikuwa na adabu yake. Mimi siku ile niligawa glasi kama anayegawa vipeperushi. Nilimwekea hata mdogo wangu mkononi, nikamhimiza mbele ya watu: "Onja basi, leo ni siku ya furaha." Nilikuwa nikijua kwamba alikuwa ameacha gongo, lakini nilijiambia kwamba mvinyo ni kitu kingine, kitu cha wasomi. Aliishika glasi ile jioni nzima. Shemeji ndiye aliyeniambia kesho yake kwamba aliimwaga nyuma ya zizi, kisha akakaa huko peke yake muda mrefu.

Pombe ni pombe, hata ikivaa nembo ya dhahabu. Mwenyeji mwema huuliza kwanza, huuliza mara moja tu, na huweka mezani kinywaji kingine chenye hadhi ileile. Kwetu kuna Waadventista wengi, kuna wajawazito, kuna vijana chini ya miaka 18, kuna madereva wa bodaboda watakaorudi Mugumu usiku. Hakuna kati yao anayestahili kujieleza kwa nini glasi yake ina maji.

Wakati wa Pasaka nilirudi Machochwe na chupa mbili za Dodoma, kila moja Sh 15,000. Kwa fedha iliyobaki nilinunua maembe na machungwa, shemeji akatengeneza juisi, ikawekwa kwenye jagi zuri katikati ya meza. Nilimwomba mdogo wangu msamaha kabla ya wageni kufika. Alicheka kidogo, akasema yamekwisha. Kisha akachukua jagi na kuanza kuwahudumia watu, yeye wa kwanza.

Baba mkubwa alionja, akanyamaza, akaonja tena. Halafu akaniuliza swali lilelile. Safari hii nilimsogezea chupa na kumwonyesha kwa kidole neno Hombolo. Aliliangalia kwa muda, akakata kipande cha nyama.

"Ukirudi huko," akasema, "waambie wenye mashamba kwamba Machochwe tumeinywa kazi yao, na hatukuitupa."

Ninazifikisha salamu hizo hapa. Na kwa wale mnaoandaa hafla za ofisi na vyuo, ninawafikishia pia lile swali la mzee. Liulizeni kabla ya kusaini hati ya manunuzi.