Usikopee lenzi, nenda Toi kwanza

Rafiki yangu anataka kukopa anunue lenzi ndefu ya kupigia picha vitwitwi wa Mida, kule Watamu. Mimi nasema aanze Soko la Toi: suruali ya mvua, mtumba, basi. Kisha alale kifudifudi kwenye tope alfajiri, siku ambayo maji yanajaa. Maji yenyewe yatamsogezea ndege. Kamera ikiwa usawa wa jicho la ndege, mikoko ya nyuma inafifia yenyewe. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege ni tope tupu. Jua likishapanda, manyoya meupe yanaungua. Pikseli ikishagota 255 hakuna data iliyobaki, na mimi mwandika programu nawaambia hakuna kodi ya kuirudisha. (Simu ifungeni kwenye mfuko wa nailoni. Yangu ilikufa.)