Programu za Kompyuta kwa Mawakili wa Uhamiaji: Tusitazame Bei Peke Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliusema msemo huu wakiwakusudia wafanyabiashara, lakini sisi Waswahili tunaoishi Marekani tunaona kuwa leo unawahusu vile vile mawakili wa uhamiaji. Ndani ya majalada yao mna haki ya mtu ya kubaki nchini, mna mke anayesubiri Mombasa, mna mtoto aliyeachwa kwa bibi yake Bukavu. Jalada moja likisahauliwa, ni nyumba nzima inayotikisika.

Ofisi nyingi ndogo zinazowahudumia watu wetu zimeanza kuachana na makabati ya karatasi na kununua programu za kuendeshea kazi. Wauzaji ni wengi. Ziko programu za ofisi yoyote ya sheria, kama vile Clio na MyCase, na ziko zilizotengenezwa makhsusi kwa kazi za uhamiaji, kama Docketwise na INSZoom. Kila muuzaji anasifu yake, na mara nyingi ofisi huishia kuchagua ile yenye bei ndogo au yenye sura ya kupendeza. Kwa maoni yetu, hicho ni kipimo kibovu. Programu ipimwe kwa maisha ya mteja, kwani kosa likitokea yeye ndiye wa kwanza kulilipia.

Tuanze na tarehe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inamtaka anayeomba hifadhi awasilishe ombi lake ndani ya mwaka mmoja tangu alipoingia nchini, isipokuwa awe na sababu zinazokubalika kisheria. Aliyepata kadi ya kijani ya miaka miwili kwa njia ya ndoa anatakiwa aombe kuondolewa masharti ndani ya siku 90 kabla ya kadi hiyo kumalizika. Mwenye kesi mahakamani akihama nyumba ana siku tano za kazi kuiarifu mahakama ya uhamiaji, na idara ya uhamiaji nayo inataka taarifa yake ndani ya siku 10. Kuiarifu moja si kuiarifu ya pili. Barua ya mahakama ikienda kwenye anwani ya zamani na mtu asitokee mbele ya jaji, anaweza kuamriwa kuondoka nchini bila hata kusikilizwa.

Basi programu isiyoweza kuhesabu tarehe hizi yenyewe, na kumkumbusha zaidi ya mtu mmoja ofisini, haifai hata ikitolewa bure. Na hapa ndipo programu za uhamiaji zinapoweza kuzishinda zile za jumla. Wasomaji wetu mlioko nyumbani nanyi mnahusika. Mtoto aliyeombewa na mzazi wake anahesabiwa kuwa mtoto mpaka afikishe miaka 21. Sheria ya mwaka 2002 inawalinda baadhi yao waliopitisha umri huo wakiwa wanasubiri, lakini ulinzi wenyewe una mahesabu yake, na kwa wengi una sharti la kuchukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu viza ilipopatikana. Hesabu kama hiyo haifanywi kwa kukumbuka kichwani.

La pili ni fomu na ada, ambazo hubadilika mara kwa mara. Ada nyingi zilipanda Aprili 1, 2024. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikaweka ada ya dola 100 kwa ombi la hifadhi, ambalo kabla ya hapo halikuwa na ada. Fomu ya toleo lililopitwa na wakati hurudishwa, na wakati inasafiri kwenda na kurudi, siku zinahesabika. Kabla ya kusaini mkataba, wakili amuulize muuzaji: fomu ikibadilishwa leo, toleo jipya litaingia kwenye programu yenu baada ya muda gani? Asikubali jibu la mdomo.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe, na wauzaji hawawezi kulijua tusipowaambia. Ujumbe wa simu unaosema kesi ni 9:00 asubuhi unatakiwa umfikie mama wa Kiswahili ukisema saa tatu asubuhi. Ukimfikia umeandikwa saa tisa, ataelewa ni alasiri, naye atafika mahakamani wakati jaji ameshatoa amri. Vivyo hivyo tarehe. Mtu wa kwetu akiandika 4/7 ana maana ya tarehe nne Julai, na Mmarekani anasoma tarehe saba Aprili. Katika hesabu ya ule mwaka mmoja wa hifadhi, tofauti hiyo ya miezi mitatu inaweza kumwangusha mtu. Programu iandike mwezi kwa jina lake.

Kisha kuna majina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, ilhali fomu inadai jina la ukoo. Matokeo yake mtu mmoja hufunguliwa majalada matatu kwa majina matatu. Wala tarehe ya kuzaliwa haisaidii sana kumtafuta, kwa kuwa wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa Januari 1. Programu nzuri imtambue mteja kwa namba yake ya uhamiaji, na ihifadhi majina yake yote kama yalivyoandikwa katika kila hati.

Na tusisahau undugu. Baba mdogo akitafsiriwa kuwa baba, na binamu akaandikwa kuwa kaka kwa vile sote tunaitana ndugu, familia imeshaharibikiwa, maana miaka mitano baadaye afisa ataona maelezo mawili yanayopingana na kusema mtu huyu mwongo. Programu nyingine zinajigamba kuwa zinatafsiri maswali kwa lugha nyingi. Tunasema: muuzaji aonyeshe hicho Kiswahili chenyewe, na asomewe mtu anayekijua kabla ya fedha kutoka.

La nne ni siri. Maelezo ya anayeomba hifadhi yana majina ya waliomtesa na ya jamaa waliobaki nyuma. Novemba 2022 idara ya Marekani inayosimamia ukamataji wa wahamiaji iliweka kwenye intaneti, kwa kukosea, taarifa za watu zaidi ya 6,000 waliokuwa wakitafuta hifadhi. Ikiwa serikali yenye uwezo wote ule ilifika hapo, ofisi ya watu wanne isijidanganye. Kanuni za mfano za Chama cha Wanasheria cha Marekani, tangu marekebisho ya mwaka 2012, zinamtaka wakili achukue hatua za kutosha kulinda taarifa za mteja. Neno la siri moja linalotumiwa na ofisi nzima si ulinzi.

Wako watakaosema kuwa haya yote ni gharama. Ni kweli. Tuseme programu inatoza dola 100 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Ofisi ya watu wanne italipa dola 4,800 kwa mwaka. Tunakubali pia kwamba karani makini mwenye kalenda ya ukutani ni bora kuliko programu ya bei kubwa isiyofunguliwa. Lakini karani huugua, huacha kazi, husafiri kwenda kuzika. Siku hiyo ndipo daftari linapotakiwa liseme lenyewe. Na kabla ya kununua, wakili ahakikishe kuwa akitaka kuhama atayatoa majalada yake yote katika hali ya kusomeka, kwani mteja akiondoka ana haki ya kukabidhiwa nyaraka zake.

Ndugu wasomaji, programu haimwondolei wakili dhamana yake, wala haitupi sisi ruhusa ya kulala. Tukienda kumwona wakili tumezoea kuuliza swali moja tu: bei gani? Tuongeze mengine. Tarehe zangu zinalindwa na nani ukiwa haupo? Nani anaweza kuyasoma maelezo yangu? Nikitaka nakala ya jalada langu nitaipata lini? Wakili mwenye majibu hatakasirika kuulizwa. Asiye nayo, ni heri tumjue mapema, kabla barua ya mahakama haijafika kwenye nyumba tuliyokwisha kuihama.