MAJI YA JAA HAYANA MPAKA

Wako watakaouliza: sisi watu wa visiwani tuna shughuli gani na Lumemo? Jawabu limo katika ramani. Mto Lumemo hupita Ifakara na kuingia Kilombero. Kilombero huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Nao Rufiji humwaga baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Basi sumu imwagwayo ukingoni mwa Lumemo njia yake ni ya kuja kwetu.

Mvua ikinyesha juu ya jaa, maji hupenya takataka zinazooza, yakatoka meusi, yamejaa amonia, chumvi na pengine madini ya sumu. Yakiingia kisimani, mnyonge asiye na mfereji ndiye anywaye.

Dawa moja yajulikana. Mwaka 1957 wataalamu William Oswald na Harold Gotaas wa California walieleza jinsi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ule ugeuzao dimbwi kuwa kijani, unavyosaidia kusafisha maji machafu. Mwani huo hula amonia na fosfati, na kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kuuvunja uchafu. Kazi hii yataka madimbwi ya kina kifupi, jua, na watu wa kuyatunza.

Lakini tusidanganywe. Maji ya jaa yakiwa meusi mno huzuia mwangaza, na amonia ikizidi huua mwani wenyewe. Hayana budi kuzimuliwa kwanza. Mwani uliokwisha kunywa madini ya sumu haufai kuwa chakula cha kuku wala mbolea ya mchicha. Na ikiwa sakafu ya jaa haikuzibwa, maji yatazama ardhini kabla ya kulifikia dimbwi.

Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti wa maradhi tangu miaka ya 1950, na bonde la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar. Elimu ipo, na heshima ipo. Iliyobaki ni kazi ya watawala: kutenga ardhi na fedha kabla nyumba hazijalizunguka jaa.

Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na mawe hayo hupitisha maji upesi. Ndugu wanachama, kila mmoja na amwulize diwani wake: jaa letu lina sakafu gani, na maji yake yaenda wapi? Maji yakimwagika hayazoleki.