DNA ya Mama Isiwe Mtego wa Wanawe

Makomredi, serikali hii ikitaja tu neno DNA, sisi vijana wa upinzani jibu letu ni moja: hatutaki. Hata mimi nilikuwa hapo hapo. Wanaharakati walipoipeleka Huduma Namba kortini, Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kukusanya DNA za wananchi kwa mpango ule ni kinyume cha Katiba. Tukashangilia.

Lakini hebu isomeni hukumu yenyewe. Majaji hawakusema DNA isiguswe milele. Shida yao ilikuwa kwamba hakukuwa na sheria iliyotungwa mahususi kwa kazi hiyo. Na mpaka leo, kwa watu waliopotea, hiyo sheria haipo.

Nilikuja kulielewa hili kwenye kliniki ya wanafunzi ya msaada wa kisheria. Alikuja mama mmoja, kijana wake alichukuliwa na watu kwenye gari lisilo na nambari na hajaonekana tena. Alikuwa ameambiwa atoe sampuli ya mate, ilinganishwe na maiti zisizo na wenyewe mochari. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikiwapa mate yangu, hawatayatumia kumsaka na huyu mkubwa? Yeye huenda maandamano."

Sikuwa na jibu. Na swali lake ni la maana kisayansi, maana kila mtoto hubeba nusu ya DNA ya mamake. Ukiwa na ya mama, umeshakaribia kwa wanawe wote.

Usiku ule nilipekua vitabu. Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu kuagiza mshukiwa wa kosa kubwa atolewe sampuli. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaenda mbali zaidi: aliyepatikana na hatia, sampuli yake inahifadhiwa, aliyeachiliwa, inaharibiwa. Yaani mshtakiwa wa ubakaji ana kifungu cha kumlinda, na mama anayemtafuta mwanawe hana. Ndiyo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inazitambua data za kijenetiki kuwa nyeti. Ila ina mlango wa nyuma unaoitwa usalama wa taifa. Tunajua ni nani hupita mlango huo.

Sasa, kusema "hatutaki" hakumsaidii huyu mama. Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na bila DNA nyingi zisingepata jina. Hata hivyo familia zilingoja hadi Machi 2024 ndipo mabaki ya kwanza yakakabidhiwa. Mto Yala, halafu Kware Julai 2024, hadithi ni hiyo hiyo: magunia, mochari, na jamaa wamepanga foleni wakitoa sampuli wasizojua zinaenda wapi.

Afrika Kusini walitunga sheria yao 2013. Hifadhidata yao imegawanywa mafungu: washukiwa kivyao, waliohukumiwa kivyao, na waliopotea pamoja na maiti zisizotambuliwa kivyao, na kuna bodi ya kuwachunga wanaoisimamia. Si kwamba wako sawa. Kufikia 2021 maabara zao zilikuwa na mrundiko wa zaidi ya kesi 200,000. Kwa hiyo sheria bila bajeti ya maabara ni karatasi tu, na sisi tuna ushahidi wetu hapa nyumbani: Sheria ya Huduma ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa 2017, na miaka ikapita bila ofisi yenyewe kusimama.

Mimi nadai sampuli ya jamaa isilinganishwe na kitu kingine chochote isipokuwa maiti na watu waliopatikana. Isikae mikononi mwa polisi, kwa sababu wakati mwingine polisi ndio wanaotuhumiwa. Mwenyewe akiomba ifutwe, ifutwe. Na polisi atakayeichungulia kwa kesi ya jinai ashtakiwe yeye binafsi, na ushahidi huo utupwe nje ya korti.

Kuna watakaosema nawapa hawa watu silaha. Jamani, sampuli tayari wanazo. Zimekaa huko bila masharti.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu yangu ina kurasa nne. Kama uko kwenye maabara au unasomea mambo hayo, niandikie: ile sehemu ya muda wa kuhifadhi sampuli sijaridhika nayo.