Kura ya Mfungwa

Kijana wa Geita akifungwa mwaka mmoja kwa kuiba magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi, hanyimwi uhuru tu. Hunyimwa na kura. Mla rushwa aliyetozwa faini tu hupiga kura. Twauliza: hii ni haki gani?

Ibara ya 5 ya Katiba yaruhusu kumzuia mpiga kura kwa aina ya kosa, haikutaja miezi. Ndiyo sababu Mahakama Kuu, Desemba 2022, ilibatilisha kifungu kilichowazuia wote waliofungwa zaidi ya miezi sita. Lakini uandikishaji wa 2025 ulirejea kwenye miezi sita ileile.

Bunge liyataje makosa yenyewe. Kijana yule atatoka na kutawaliwa na diwani ambaye hakumchagua wala kumkataa.